Vita Ambavyo Kila Upande Ulishinda

Nilipokuwa darasa la sita, miaka ya mwanzo ya sabini, mwalimu wetu wa historia alishikwa na homa, sauti ikamkauka kabisa. Mwingine angebaki nyumbani. Yeye alikuja, shingo imefungwa taulo, akaandika ubaoni: "Leo mtafundishana." Akanipa chaki kwa kuwa nilikuwa kiranja, kisha akaenda kuketi nyuma kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakikaribia kidevu.

Somo lilikuwa vita vya zamani baina yetu Wagusii na majirani zetu wa upande wa ziwani, vita vya kugombea ng'ombe. Wiki iliyotangulia mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba tulishinda, na alitufundisha kwa furaha kama mtu aliyekuwapo. Historia ilitakiwa iwe kwa Kiingereza, lakini nikaamua tutumie Kiswahili. Kwa Kiingereza chetu, kengele ingelia kabla mashujaa hawajatoka nyumbani.

Nikauliza nani alishinda. Darasa likaitikia kwamba ni sisi. Mkono mmoja ukabaki juu. Ulikuwa wa binti wa fundi cherehani wa sokoni Nyamache, aliyetushonea sare karibu sote. Familia yao ilitoka huko huko ziwani. Binti akasimama, akaivuta sketi yake, akasema taratibu, "Kwetu husemwa tulishinda sisi."

Watoto wakacheka. Nikamtazama mwalimu anisaidie. Akafungua kinywa, kikatoka kitu kama mlio wa mlango usiotiwa mafuta, akakifunga.

"Kama nyinyi mlishinda na sisi tukashinda," nikauliza, "nani alishindwa?"

Hapo darasa likachemka. Mmoja akasema huenda vilikuwa vita viwili, kila upande ukashinda vyake. Mwingine, mwana wa mzee wa kanisa la Sabato, akadai watu wetu walipumzika Jumamosi, ng'ombe wakachukuliwa, nao wakawarudisha Jumapili. Akakumbushwa kwamba wakati ule Sabato ilikuwa haijafika Gusii. Akajibu kwamba Jumamosi ilikuwapo. Ndipo binti wa fundi akauliza kama kuna yeyote aliyewahi kusimuliwa jinsi babu yake alivyokimbia. Tukafikiri, tukatazamana. Hakuwapo hata mmoja; sote tulikuwa wajukuu wa waliosimama imara. Mwalimu akapiga dawati kwa kiganja kutunyamazisha, nasi tukadhani anashangilia, tukazidi.

Tukakubaliana kwenda kuuliza nyumbani. Nilimkuta nyanya akimenya ndizi za kupika. Akaniambia habari za kushinda niwaulize wanaume. Yeye alilosikia kwa mama yake ni kwamba siku ile huyo mama alijificha migombani na mbuzi, akamziba mbuzi mdomo kutwa nzima asilie, na jioni alipomwachilia, mbuzi akamuuma kidole. Hilo ndilo jeraha la vita pekee ambalo nyanya aliwahi kulisikia.

Nilipanga kutolisema darasani, maana halikuwa na ushujaa wowote. Lakini binti wa fundi akanitangulia. Mama wa bibi yake alijificha kwenye mafunjo, maji yamemfika kifuani, kuku kamweka kichwani, na kuku akataga huko huko. Nikatoa mbuzi wangu. Tulicheka mpaka machozi, na tangu siku hiyo tukakaa dawati moja. Wavulana walinuna. Walikuwa wamekuja na mikuki ya babu zao, na hakuna aliyetaka kuisikia tena.

Sauti ya mwalimu ikarudi, na mtihani ukaja nayo. Aliuliza nani alishinda. Mimi niliandika kama tulivyofundishwa, nikapata alama yangu. Rafiki yangu aliandika la kwao, akatiwa kosa. Akaipeleka karatasi mezani, akasema kwa adabu, "Mwalimu, swali halikusema ni kwa maneno ya nani."

Mwalimu akalisoma swali lake mwenyewe mara ya pili, polepole, akatazama nje dirishani. Kisha akampa nusu alama.

Jioni mimi na rafiki yangu tulimpitia baba yake kibandani kumpa habari. Akasimamisha cherehani, akauliza nusu hiyo ni ya vita au ya ng'ombe. Tukamwambia ni ya vita. Akasema basi mwalimu abaki nayo, akaendelea kushona.