Akariri Kwanza

Nimefundisha shule za msingi hapa Mwanza karibu maisha yangu yote ya kazi, na kila mwaka niliwaambia watoto kwamba Kilimanjaro ndio mlima mrefu kuliko yote barani Afrika, ilhali mimi mwenyewe nilikuwa sijauona hata kwa mbali. Niliuchora ubaoni, pembetatu kubwa, kileleni nikasugua chaki kuonyesha theluji. Watoto waliimba jibu kabla sijamaliza swali. Nilipokuja kuupanda, niliupanda kama zawadi, na zawadi hiyo niliipata kwa sababu kuna mtoto mmoja niliyehakikisha hafanyi mtihani. Nimelikalia jambo hili muda mrefu. Leo naliandika.

Wageni hudhani mji wetu ni ziwa na samaki. Sisi tunajua ni mawe. Nyumba zimeshikilia majabali kutoka chini hadi juu, na ukisema fulani anakaa mlimani, kila mtu anaelewa: gari halifiki, maji yanapanda kichwani kwa mtu, na mvua ikinyesha unashuka kwa makalio. Shule yetu ilikuwa chini, kwenye tambarare. Wanafunzi wengi walishuka kutoka huko juu asubuhi wakiwa na vumbi miguuni, nami nilikuwa nawasimamisha mlangoni kuwakagua viatu. Mimi si mtu mpole, na enzi hizo nilijisifu kwa hilo.

Mwaka huo shule yetu ilikuwa imepewa kinyago. Kwa wasiojua: zamani kidogo, kwenye kikao cha elimu, shule iliyofanya vizuri ilipewa kombe, na iliyoburuta mkia ilikabidhiwa kinyago cha mti chenye sura mbaya, kikakae ofisini kwa mwalimu mkuu mpaka mwaka ufuatao. Tuliitwa mbele ya ukumbi, walimu wote wa darasa la saba, tukakipokea kwa mikono miwili huku watu wakitupigia makofi ya dhihaka. Mimi ndiye niliyekibeba hadi shuleni, nimekifunga kwa khanga. Niliapa moyoni kwamba sitakibeba tena.

Mwalimu mkuu mpya alipokuja, aliniita na orodha ya darasa la sita waliokuwa wakijiandaa kuingia la saba. Hakusema mengi. "Mwalimu, mwakani hawa ndio wataandikishwa mtihani. Wapitie. Wanaotuangusha wabaki." Nikapitia na kalamu nyekundu. Nilitoa majina matano. Wazazi wanne walipopata habari walikuja juu, wakabishana, mmoja akatishia kwenda kwa mkuu wa wilaya, na wote wanne nikawarudisha kwenye orodha. Alibaki mtoto wa yule ambaye hakubishana.

Alikuwa binti mpole, mrefu kuliko wenzake, anasoma huku kidole kikifuata mstari. Hakuwa mjinga, na hilo nililijua vizuri kuliko mtu yeyote. Alichojibu alikipata. Shida yake ilikuwa saa: wenzake wakikusanya karatasi, yeye alikuwa bado katikati. Wiki chache za kukaa naye pembeni zingetosha kumchangamsha. Mimi nilikuwa na darasa limefurika na kinyago kabatini, nikaona ni rahisi zaidi kumwita baba yake.

Baba yake alikuwa mpasua mawe. Anawasha matairi chakavu juu ya jabali mpaka lipate moto na kupasuka, kisha anakaa nalo na nyundo mpaka liwe kokoto. Alikuja ofisini vumbi bado liko kwenye kope. Alinisalimu shikamoo, ingawa umri wetu ulikuwa mmoja, akakaa kwenye ncha ya kiti. Alikuwa Msukuma wa Misungwi, mkewe alikuwa bado kule akilima, na Kiswahili alikiongea kwa tahadhari, neno baada ya neno. Mimi nimetoka ng'ambo, upande wa Bukoba, na Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu.

Nikamwambia, "Baba, tumemwangalia mwanao. Tumeona akariri kwanza."

Nilikuwa nimekusudia kuongeza "darasa la sita". Naapa nilikusudia. Lakini uso wake ulishafunguka.

"Akalili," alisema. "Hata mimi namwambiaga, mwarimu. Kalili, kalili, kila siku. Asante sana. Akalili mpaka vikae kichwani."

Lugha yetu ina ukorofi wake. Kukariri ni kurudia darasa, na kukariri ni kushika masomo kwa kichwa, na katika shule zetu hilo la pili ndilo tunalolihubiri kuanzia Januari hadi Septemba. Mzee wa watu alielewa kwamba binti yake amechaguliwa, kwamba atapewa mazoezi ya ziada apate kufaulu. Niliona kabisa alichoelewa. Kati yake na karatasi ya mzazi kukubali mtoto arudie darasa, iliyokuwa mezani kwangu, palikuwa na sentensi moja tu, fupi, na mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili. Nikasogeza kidau cha wino. Dole gumba lake lilikuwa limepasukapasuka kwa kazi, alama haikutoka vizuri, nikamwambia abonyeze tena.

Jumamosi iliyofuata aliniletea jogoo, amemshika kwapani, wa kunishukuru kwa kumjali mwanawe. Nilimpokea. Tulimla Jumapili baada ya ibada na nikasifiwa kwa mchuzi.

Mwaka ukaenda. Binti alikaa tena kwenye darasa la sita, benchi la nyuma, na wadogo. Alipokutana nami kwenye varanda alinisalimu, nami niliitikia marahaba nikiangalia pengine. Sikujua nyumbani anasema nini na sikutaka kujua. Darasa langu la saba lilikuwa linakwenda vizuri. Tulifundisha kusiliba, yaani kujaza kwa penseli ile herufi ya jibu bila kutoka nje ya kiduara, na tulisiliba mpaka watoto wakawa wanasiliba hata viganja vyao.

Siku ya mtihani walimu wa shule husika hatukuruhusiwa kusogelea vyumba, kwa hiyo tulisimama nje ya geti kuwatakia watoto heri. Askari alikuwepo. Wazazi nao walikuwepo wengi, wengine wakiomba kwa sauti. Ndipo nikawaona wanashuka kutoka mlimani, yeye na baba yake. Sare imenyooshwa, nywele zimenyolewa upya, mkononi penseli mbili zilizochongwa na ufutio mpya. Baba alikuwa amesikia kwa majirani kwamba leo ndiyo siku, akaacha kazi kumsindikiza.

Msimamizi alipitia orodha mara mbili, akasema jina halimo.

Baba akanigeukia. "Mwarimu, si ulisema akalili? Amekalili. Muulize chochote."

Watu walikuwa wananitazama. Mwalimu mkuu alikuwa ofisini, lakini angesikia. Nikasema kwa ile sauti yangu ya darasani, "Nilisema akariri darasa, baba. Akariri darasa. Na ulikubali ukaweka dole."

Wazazi wawili watatu wakacheka. Hata askari alicheka, akajifanya anakohoa. Yule baba akasema, "Umenidanganya, mwarimu," mara moja tu, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, kisha akaanza kuonekana kama mtu asiye na hakika. Binti alikuwa anamwangalia baba yake, mimi hakuniangalia kabisa. Baba alichukua zile penseli mbili akampa mtoto mwingine aliyekuwa na kijipande, wakarudi juu. Binti hakuja tena shuleni.

Matokeo yalipotoka tulikuwa miongoni mwa shule za kwanza wilayani. Kinyago kikahamia kwa wenzetu. Mfadhili mmoja mpenda elimu akatangaza kwamba walimu kumi waliopandisha ufaulu watapelekwa kuuona Mlima Kilimanjaro, na mimi nikawa mmoja wao. Tuliondoka kwa basi asubuhi. Tukapita Usagara, tukapita Misungwi, na pale Misungwi wanawake walikuwa shambani kandokando ya barabara. Nikahamia kiti cha upande wa pili nikidai jua linaniumiza.

Tulipangiwa kupanda siku moja tu, kupitia Marangu hadi kwenye kibanda cha kwanza, na kurudi. Mimi ni mnene, na wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuugua magoti. Kabla hatujamaliza saa moja msituni nilikuwa nyuma ya wote, nahema, nimelowa. Kiongozi wetu, mwanamume wa makamo mwenyeji wa pale, alisimamisha msafara akarudi hadi nilipo.

"Mama, pita mbele."

Nikamwambia asinidhihaki. Anaona nashindwa kutembea halafu ananiambia nipite mbele.

"Hapa anayechoka ndiye anatangulia," alisema, bila haraka. "Wengine watamfuata kwa mwendo wake. Ukibaki nyuma tutafika bila wewe, na hiyo siyo kazi niliyopewa."

Nikapita mbele. Walimu tisa hodari, mabingwa wa ufaulu, wakaja nyuma yangu kwa mwendo wa magoti yangu, na hakuna aliyenung'unika. Tulifika wote. Mimi nilikuwa nalia njia nzima na wenzangu wakadhani ni kifua. Nilikuwa namwona yule binti na kidole chake kwenye mstari, namwona ananisubirisha, na mimi nina kalamu nyekundu. Sijawahi kujichukia kama siku ile. Kilele hatukukiona, kilikuwa na mawingu tangu asubuhi hadi tunashuka. Niliporudi watoto waliniuliza theluji ikoje, nikasema nyeupe sana. Nikaongopa hata hilo.

Niliahidi nafsi yangu kwamba nikifika Mwanza nitapanda kwa yule mzee siku hiyo hiyo. Sikupanda. Kwanza ilikuwa uchovu, kisha shule zikafunguliwa, kisha mvua, kisha nikaona aibu ya kuwa nimechelewa, na aibu hiyo ikawa inakua kila mwaka. Wakati huohuo mambo yakabadilika. Siku hizi hawatangazi tena nani wa kwanza na nani wa mwisho. Vinyago vimepigwa marufuku, walimu vijana nikiwasimulia wanadhani nawatania. Wanasema hata darasa la saba lenyewe liko njiani kuondoka, watoto wataishia la sita. Kile kitu kilichonifanya nimtoe yule mtoto hakipo tena, hata ukikitafuta huwezi kumwonyesha mtu.

Mwaka jana, nikiwa nakaribia kustaafu, nilipanda. Siku hizi wamejenga njia ya mawe hadi nusu, iliyobaki ni ileile ya zamani. Nilipumzika mara nyingi. Njiani nilikuwa narudia sentensi yangu: Baba, siku ile nilijua hukunielewa, na nikakuacha hivyo makusudi. Niliisema kwa sauti hadi mama mmoja mwenye ndoo akaniuliza kama naumwa.

Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha jabali na nyundo yake. Jicho moja lilikuwa limeharibika kwa kipande cha jiwe. Alinitambua kwa sauti nilipobisha hodi.

"Mwarimu. Mwadila," akanisalimu kwa Kisukuma. Akainuka, akafuta kigoda kwa shati lake, akanikalisha.

Nikamuuliza habari za binti. Yuko Nansio kwa shangazi yake, anaanika dagaa, ana watoto wawili.

"Anakupigia simu?"

"Anampigiaga mama yake. Namba yake ninayo humu kwenye simu." Akacheka kidogo. "Mimi ana neno na mimi. Lakini hana kosa. Kosa ni langu."

Nikafungua mdomo. Yeye alikuwa bado anaendelea.

"Unajua, mwaka ule wote yeye alijua yuko la sita. Aliona dole langu kwenye karatasi. Akadhani baba amekubali, baba hataki nisome, ndiyo maana hakuniambia kitu. Nami kila jioni namuuliza, umekalili? Anasema nimekalili. Alidhani namcheka. Siku ya mtihani akadhani nimekwenda kumwombea nafasi, ndiyo maana akanifuata. Baadaye nikamwambia, mwanangu, mimi sikuelewa. Akaniambia, baba, mwarimu alisema wazi, watu wote wamesikia pale getini." Aligeuza nyundo mkononi. "Kiswahili changu ni cha kuokoteza. Ningesikia vizuri ningekuja kukubembeleza kama wenzangu, ungemrudisha. Ungemrudisha, si ndiyo?"

"Ndiyo," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

"Na mimi nikakuita mwongo mbele za watu. Mwarimu wa watu uliyemjali mwanangu. Nimekaa nalo miaka yote hii, naona aibu kuteremka. Unisamehe."

Ile sentensi ilikuwepo. Ilikuwa kinywani kabisa. Namba ya binti ilikuwa kwenye simu yake, ameshaniambia, na lilikuwa jambo la kupiga, kusema, basi. Lakini alikuwa ananitazama kwa jicho lake moja zima, anangoja, na nikaona jinsi litakavyobadilika nikisema. Nikasema, "Yameisha, baba."

Alishusha pumzi. Aliniuliza kama nilikuwa na neno lililonileta mpaka huku juu, na magoti haya.

"Hapana," nikasema. "Nimepita kukusalimu tu."

Akanishukuru sana kwa kuja.