Uchaguzi Mdogo wa Kanada Ulioniaibisha Annandale

Mnaniuliza kwa nini Jumapili kanisani nilipopewa kipaza sauti nitangaze msiba wa akina Kiprono nilikirudisha haraka hivyo, na wengine mmeshaanza kusema naringa. Siringi. Naona haya. Na kwa vile Mama Wambui amekaa hapo anacheka ndani ya kikombe chake (cheka tu mama, wewe ulikuwepo), afadhali niseme mwenyewe, maana akisimulia yeye hunitoa mjinga kuliko nilivyokuwa, na wallahi nilikuwa mjinga wa kutosha.

Ilikuwa ile miaka ya tisini ikielekea kuisha. Nilikuwa naishi Langley Park, hapa pembeni mwa Washington, na kazi yangu ilikuwa kule Annandale, upande wa pili wa jiji, kumtunza mzee mmoja Mzungu anaitwa Walter. Basi, treni, halafu basi tena, na ukikosa hilo la mwisho unatembea. Mzee Walter hakuwa Mmarekani, alikuwa Mkanada, mkulima wa ngano kutoka sehemu za ndani kabisa za Saskatchewan, na mkewe alipofariki binti yake Linda, ambaye alikuwa na kazi ofisini Washington, akamchukua akae naye. Macho yalikuwa yameisha, masikio nayo nusu, lakini mdomo, jamani! Mdomo ulikuwa mzima.

Na alichokuwa anaongea ni kimoja tu, uchaguzi wa jimbo lake. Si siasa za Amerika, hizo hakuzijali hata kidogo, ni hilo jimbo lake la huko mashambani, la bunge la mkoa, ambalo ukilitafuta kwenye ramani utaona tu barabara na jina la mtu aliyechimba kisima. Mimi nampikia uji, yeye ananieleza mbunge wa kwanza alikuwa muuza mbegu, akaangushwa na daktari, daktari akafagiliwa na chama cha wakulima mwaka ambao mvua ilikataa, na kuna mgombea mmoja alishindwa kwa sababu watu wake walikuwa wanavuna wakakataa kushuka kwenye trekta kwenda kupiga kura. Mimi naitikia tu, "Ehe, mzee, halafu?" (nilimfundisha neno mzee akalipenda, akawa hataki hata Linda amwite jina jingine). Kusema kweli nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja, lakini baada ya miezi nikawa nalijua lile jimbo kuliko la kwetu Bungoma.

Yote hayo yalikuwa yanaishia kwa mtu mmoja, Gordon. Huyu Gordon alikuwa jirani yake, mashamba yao yanagawana ua mmoja, na ndiye aliyemsimamia Walter siku ya harusi. Halafu wakaingia siasa, kila mmoja na chama chake, na kila Walter akisimama, Gordon anamshinda. Mara ya mwisho walikaribiana sana hadi kura zikahesabiwa upya, shuleni, theluji imejaa mlangoni, na Gordon akashinda tena. Mzee wangu akatoka akamwita mwizi mbele ya posta, watu wote wakisikia, na tangu siku hiyo hawakuwahi kusemezana. Miaka na miaka. Ua mmoja, na hakuna salamu.

Sasa siku moja akaniambia, "Nekesa, nenda maktaba kwenye hizo kompyuta zao unitazamie jimbo langu. Nataka kujua kama yule bado amekalia kile kiti." Nikaenda. Wakati huo intaneti ilikuwa kitu cha kupanga foleni, na nyuma yangu kulikuwa na jamaa anakohoa kunionyesha kuwa zamu yangu imeisha. Nikaupata ukurasa wa matokeo, wote walikuwepo, muuza mbegu, daktari, wote, nikajisikia nimekutana na jamaa zangu. Gordon, Gordon, Gordon, halafu katikati ya kipindi, uchaguzi mdogo, na jina jipya la mwanamke. Chini kulikuwa na maelezo marefu. Yule jamaa akakohoa tena. Nikainuka.

Hapo ndipo nilipopotea, hapo kwenye kuinuka. Kwa sababu mimi sikuhitaji maelezo, nilishajua! Nyinyi wenyewe niambieni, kwetu kiti cha mbunge kinaachwaje? Ama ahame chama, ama azikwe. Na Gordon kuhama chama haiwezekani, mzee alishaniambia mara nyingi kwamba huyo mtu angekufa kwanza. Basi. Nikapanda basi ninamlilia Gordon kimoyomoyo, mtu sijawahi kumwona.

Nilipofika sikumwambia mlangoni, nililelewa vizuri. Nikachemsha chai, nikamketisha, nikamshika mkono, nikamwambia mzee jikaze, rafiki yako ametutoka.

Alipapasa meza akaweka kikombe. Halafu akaniuliza, "Aliumwa?"

Jamani, mtu ana nafasi ya kusema sijui. Neno fupi, rahisi. Lakini nilitaka kumpoza, nikasikia mdomo wangu unasema, "Kidogo tu, mzee. Hakuteseka." (Nilitoa wapi? Sijui nilitoa wapi! Mpaka leo nikikumbuka hilo neno nataka kujifunika shuka.)

Jioni hakula. Kesho yake hakula. Akawa anakaa dirishani na kofia yake magotini, anasema peke yake, "Sikumwambia. Nilikuwa nalo neno mdomoni miaka yote na sikumwambia." Linda akaingiwa na hofu, mimi nikaingiwa na hofu zaidi, nikampigia Mama Wambui simu, yeye ndiye alikuwa mkubwa wa akina mama kwenye fellowship yetu ya kanisa. Nilitaka maombi tu, kwa simu, basi. Mama Wambui akasema (usikatae, ulisema), "Mzee wa watu anaomboleza peke yake na sisi tuko? Kwani sisi ni watu gani?"

Jumamosi mchana magari yakajipanga nje ya nyumba ya Linda mpaka majirani wakafungua mapazia. Akina mama na leso viunoni, sufuria za ndengu, chapati zimefungwa kwa taulo, viti vya kukunja vya kanisa, na Papa Ilunga, yule Mkongo wetu wa gitaa, na suti nyeusi. Linda alifungua mlango akasimama tu. Nikamweleza kwetu msiba hauachiwi mtu mmoja. Akaanza kulia, akatukumbatia mmoja mmoja, na mzee naye alipoambiwa watu wote hawa wamekuja kwa ajili ya Gordon alisimama wima akavaa tai. Nilijisikia mtu wa maana siku hiyo. Nilikuwa napita katikati ya watu na birika ya chai kana kwamba mimi ndiye mwenye msiba.

Baada ya nyimbo na maombi mzee akasema anataka kumpigia mjane. Namba aliijua kwa kichwa. Miaka yote hiyo hakuipiga hata mara moja na aliisema yote bila kusita, Linda akibonyeza. Na kwa kuwa masikio yake hayakuwa mazuri wakaweka spika, sauti juu kabisa, sebule nzima ikanyamaza. Mama Wambui akamnong'oneza Papa Ilunga kwamba mzee akimaliza tu kusema, aanze wimbo.

Mwanamke akapokea. Mzee hakumpa hata nafasi. Aliyakariri yale maneno usiku na mchana, akaogopa yatamtoroka. Akasema, "Ni Walter. Usiseme kitu, niache nimalize. Nilimwita mumeo mwizi. Nilimwita mbele ya posta, na baadaye nikamwita kila mahali nilipopata mtu wa kunisikiliza. Hakuiba. Nilikuwepo wakati wa kuhesabu, niliziona kura kwa macho yangu, alinishinda kwa haki, na nilijua siku ileile. Nilishindwa tu kulisema. Alikuwa rafiki yangu mkubwa na ameondoka bila kulisikia. Nisamehe wewe kwa niaba yake."

Wamama wanalia. Linda analia. Mimi nalia na birika mkononi.

 Halafu yule mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyechanganyikiwa, "Walter... subiri kidogo." Tukasikia miguu, mlango, na sauti ya mwanamume, nzito, ya mkwaruzo:

"Walter? Rudia hapo kwa kushinda kwa haki. Hapo nimepapenda."

Na Papa Ilunga, maskini, aliona tu mzee amemaliza, akapiga gitaa, na nusu ya kanisa ikaingia na wimbo wa mazishi, sauti nne, mwendo wa pole.

"Nini hiyo?" Gordon akauliza.

Mzee alikuwa amegeuza uso kuelekea kwangu. Macho hayakuona, lakini alijua niliposimama. Akasema polepole, "Ni matanga yako."

Wimbo ukafa sauti moja moja. Papa Ilunga ndiye wa mwisho, akaweka gitaa chini akamwuliza Mama Wambui kwa Kiswahili cha kwao Kongo, na alidhani ananong'ona, "Mama, huyu mwenye alikufaka, njo yeye anasema?"

Linda akaiuliza simu kama si yeye aliyekuwa mbunge, na mbona mimi nilisoma kulikuwa na uchaguzi mdogo. Gordon akasema ndiyo, alijiuzulu. Magoti yalimsumbua, na mkewe alitaka akae nyumbani. Akatuma barua, akaenda zake.

Alijiuzulu! Mbunge! Mzima, ana akili zake, hajashindwa uchaguzi na mtu, anakiacha kiti kwa sababu ya magoti! Hata katikati ya aibu ile nilisikia Mama Wambui nyuma yangu, "Ajiuzulu kwani aliiba nini?"

"Nekesa," mzee akasema, na sebule nzima inasikia, "uliniambia hakuteseka."

"Nateseka sana," Gordon akajibu kwenye spika. "Haya magoti hayanipi usingizi."

Kuna mtu alicheka, sijui nani, akakatisha. Mzee hakucheka. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni, kwa sababu mfikirie, lile neno alilolimeza miaka yote amelitoa mbele ya watu asiowajua, na adui yake yuko hai analifurahia. Alikata simu, akapapasa ukuta mpaka chumbani, akafunga mlango. Linda akaniambia kwa upole (bora angenifokea) kwamba afadhali leo twende, atanipigia. Mimi nilishahesabu kazi imekwisha. Tukakusanya sufuria. Nilibeba zile chapati kupita mbele ya majirani nikiangalia viatu vyangu, na ndani ya gari hakuna aliyesema neno mpaka tulipoingia barabara kuu, ndipo Mama Wambui akapasuka, wakacheka wote mpaka Langley Park. Mimi nililia. Na hili jina la utani mnaloniita, Tanzia, nililipata humohumo garini.

Linda alipiga, kweli, lakini si kunifukuza. Gordon alikuwa amepiga tena asubuhi yake, na kesho yake, na mzee akapokea, na sasa alitaka mtu wa kumbonyezea namba. Nikarudi. Ikawa kila Jumapili hao wawili wanabishana kwa simu, kura za kijiji hiki, kura za kijiji kile, na nikipita na sabuni zangu mzee anasema, "Shika adabu Gordon, aliyekuzika anapita." Nilikuwa nainamisha kichwa. Watu waliniambia ona, Mungu ametumia ujinga wako. Na mimi karibu niamini, karibu nijisamehe.

Mwaka uliofuata, majani yakianza kugeuka rangi, simu ililia niko jikoni, Linda yuko kazini. Ilikuwa mke wa Gordon. Alisema Gordon alilala hakuamka. Aliniomba nimwambie Walter mimi, yeye hangeweza kulisema neno hilo na kuisikia sauti ya mzee.

Sikuchemsha chai. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamwambia hivyohivyo. Mzee akatabasamu. Akaniuliza, "Aliteseka?"

 Akaendelea kutabasamu, lakini mikono ilianza kuitafuta kofia.

"Mpigie," akasema.

"Mzee, nimeongea na mama sasa hivi."

"Mara ya kwanza pia ulikuwa na hakika, Nekesa. Mpigie."

Ningefanya nini? Nikabonyeza namba, nikaweka spika. Yule mama akapokea, sauti imekauka kwa kulia, na mzee akamwambia kwa furaha kabisa, "Nipe Gordon, huyu msichana amemzika tena." Na mjane wa watu akalazimika kulisema lile neno alilonisihi nimsaidie kulisema. Alilisema mara mbili, maana mara ya kwanza mzee alikuwa bado anacheka.

Ndiyo hivyo. Chapati nitapika, sufuria nitabeba, viti nitapanga, na kulia nitalia kuliko wafiwa. Lakini hicho kipaza sauti mpeni mtu ambaye akisema fulani amekufa, watu wanaweza kuanza kulia papo hapo.