Mashine ya Getini Ilivyonijulia Hali

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke kabla sijamaliza. Mngekuwa mimi mngejibu vile vile.

Nilikuwa tayari na wajukuu nilipokuwa nikichambua waridi kwenye shamba la maua karibu na Chaka, katika chumba cha baridi, mikono majini tangu asubuhi. Mwaka huo waliweka mashine getini, wakasema iko na akili bandia na ndiyo itachunguza afya yetu. Unasimama mbele ya kioo, sauti ya msichana mpole inakuuliza, "Habari ya afya yako leo?" Ukijibu, ama geti linafunguka uende kazini, ama inatoa karatasi uende kwa nesi. Bila karatasi, nesi haruhusiwi kukutibu. Na ukijipeleka hospitali ya Nyeri umekosa kazi siku hiyo. Ukikosa mbili, usirudi.

Kifua changu kikaanza kubana. Lakini mimi nililelewa hivi: ukijuliwa hali unajibu mzuri kwanza, unashukuru Mungu, halafu polepole ndipo unataja ugonjwa. Basi kila asubuhi nilisema, "Mzuri, tunashukuru Mungu." Kabla sijafika kwa kifua, geti limefunguka, na vijana nyuma yangu wananisukuma mimi nyanya yao, "Shosho, songa, kwani unaitafutia mchumba?" Na chuma cha geti lile ukishakipita hakirudi nyuma.

Nikamwendea nesi hivyo hivyo, bila karatasi. Akatazama kompyuta yake.

"Mama, hapa umesema uko mzuri kila siku."

"Nilikuwa nasalimia," nikamwambia.

Alinielewa, maana hata kwao, upande wa magharibi wa nchi, husalimiana hivyo. Lakini ruhusa hakuwa nayo.

Kesho yake nilijikaza nikaanza na kifua. Mashine ikasema jibu hilo halifanani na majibu ya siku zingine. Ikauliza tena, ati kwa jumla niko vizuri? Na mdomo huu wangu ukajibu, "Vizuri, tunashukuru." Geti likafunguka.

Niliingia. Ningeenda wapi? Nilichambua maua mpaka pumzi ikakataa, wakaniachisha kazi, na kifua hiki hakijapona hadi leo.

Sasa mke wa mwanangu ameandikwa kazi pale pale. Jumapili baada ya kanisa niliwaketisha wote, hata watoto.

"Katika nyumba hii," nikawaambia, "ukiulizwa hali, anza na mahali panapouma. Mungu tutamshukuru baadaye."