Mshenga wa Kiriri

Ukimpelekea Yahaya wa Shaabani cherehani iliyogoma, pale karakana yake ya Cibitoke, hatakuuliza imeanza lini. Atazungusha gurudumu mara mbili kwa mkono, sikio chini, kisha atakutajia ugonjwa. Ni ufundi wa watu waliokuwa wakisikiliza kabla ya kufungua. Siku hizi kila kitu hufunguliwa kwanza.

Hakuoa. Majirani hudhani ni vita vilivyomzuia, kwa kuwa vita vilizuia mengi, naye huwaacha wadhani hivyo. Kilichomzuia ni wiki mbili za likizo, mwezi wa nane mwaka 2002, kule Kiriri, mtaa wa kilimani.

Alikuwa na miaka thelathini na moja. Shule aliiacha darasa la tano baba yake alipofariki. Mengine alijifunza kwa magazeti yaliyofungiwa sukari na karanga. Aliyanyoosha kwa kiganja na kuyasoma hata yakiwa na nusu ya habari. Nusu iliyokosekana aliitunga mwenyewe, na ndivyo alivyoanza kuandika. Shirika moja la wageni lilipotafuta watunzi wachanga kumi wakae pamoja siku kumi na nne, alipeleka daftari lake la penseli bila kumwambia mtu. Akaitwa.

Waliwekwa katika nyumba ya tajiri mmoja aliyekimbilia Ulaya. Chini ulionekana mji wote na ziwa. Nyuma ya vilima mizinga ililia siku nyingine, kama mtu anayeburuta makabati. Msimamizi wao, Mama Spéciose, mwalimu mstaafu, alikuwa na jibu moja kwa mizinga. "Andikeni," alisema, nao wakaandika.

Meza zilikuwa tano. Yahaya akaketishwa na Laure, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa katika likizo yake kubwa, akiandika kwa Kifaransa habari za bibi yake.

"We unaandika na penseli kama watoto wangu wa darasa la pili," Laure alimwambia siku ya kwanza.

"Penseli inakubali kosa. Kalamu ya wino ina kiburi."

"Basi mi nina kiburi," akasema Laure, akachukua kifutio chake bila kuomba.

Kwa siku tatu walikuwa hivyo. Yahaya akisoma alichoandika, Laure akikigeuza Kifaransa papo hapo, wakibishana neno moja hadi chai ikapoa. Laure alimenya machungwa na kuacha nusu juu ya daftari la Yahaya, kila asubuhi, bila kusema lolote. Siku ya nne, wakitembea kandokando ya ukuta baada ya chakula, alitia mkono wake katika mkono wa Yahaya, akauacha humo mpaka kengele ya kazi ilipolia.

Kijana wa leo angesema "nakupenda" hapo hapo, neno jepesi kama karatasi ya pipi, na wiki ijayo angemwambia mwingine. Yahaya alilelewa na shangazi yake Adija, mwanamke wa Buyenzi ya zamani, mtaa wa Waislamu. Kwao anayejisemea anatafuta mchezo. Anayetafuta nyumba hutuma mshenga, na akishamtuma hukaa mbali na mwanamke mpaka jibu lirudi, asionekane anamsukuma. Laure alivaa msalaba mdogo shingoni. Yahaya aliona hiyo ni sababu zaidi ya kwenda kwa utaratibu.

Lakini amtume nani? Mama Spéciose, Yahaya alimwogopa. Akabaki Anselme, aliyelala naye chumba kimoja: mwanafunzi wa chuo kikuu, mashati meupe, mdomo mwepesi.

"Unataka mi nimwambie nini, mukubwa?" Anselme aliuliza, akiwa amejilaza kitandani na viatu vyake.

"Mwambie nataka kwenda kwao na watu wangu. Halafu mwambie hivi. Mshono una nyuzi mbili. Wa juu una rangi, ndio unaosifiwa. Wa chini hakuna anayeutazama, lakini ukikatika, nguo inaachia. Mwambie mimi nitakuwa uzi wa chini."

Anselme akainuka, akakaa. "Hayo umeyatoa wapi?"

"Kwenye cherehani."

"Rudia kidogo."

Yahaya akarudia polepole. Alifurahi kwamba mshenga wake anataka kuyashika vizuri.

Kesho yake akahamia meza ya dirishani, akasema anafuata mwanga. Laure alimtazama, chungwa mkononi. Yahaya akainamisha macho, kama inavyompasa mtu aliyekwisha kutuma.

Kutoka meza ile aliona yote. Anselme alipoketi robo saa kwenye kiti alichokiacha Yahaya, moyo wa Yahaya ulimsifu: kazi imeanza. Robo saa ikawa asubuhi nzima. Akajiambia kwamba ombi kubwa halitamkwi kwa haraka. Kisha akamsikia Laure anacheka. Mshenga hachekeshi. Mshenga hukaa, hukohoa, husema alilotumwa, hunywa chai, huondoka.

Siku ya nane nusu ya chungwa ilikuwa juu ya karatasi za Anselme.

Tangu hapo Yahaya hakuandika mstari uliosimama. Aliyachukia mashati yale yaliyoanikwa dirishani, na harufu ya sabuni chumbani, na jinsi mwenzake alivyopata usingizi mara tu alipogusa mto. Alijua sasa Laure anapocheka hufunika mdomo kwa daftari, na kwamba akicheka na Anselme hafuniki. Alipima umbali wa viti vyao asubuhi, akaupima tena jioni. Wivu ni kama nondo: hauli nguo uliyovaa, unakula ile uliyoitunza.

"Ulimwambia?" alimuuliza Anselme.

"Mambo haya yanataka nafasi, mukubwa. Usinisukume."

Angeweza kwenda mwenyewe. Hatua zilikuwa saba kutoka meza hadi meza. Lakini kumruka mshenga ni kumtukana yeye na kumshusha bei mwanamke, na Yahaya hakulelewa hivyo. Akakaa.

Siku ya mwisho walisomeana bustanini, mchana, mbele ya wageni wa shirika. Anselme alisoma hadithi ya askari anayemwandikia mchumba wake. Aliisoma kwa Kifaransa, ila barua ya askari akaiweka katika Kiswahili, ili, alisema, tusikie sauti ya watu wa chini. Kisha akasoma: "Mshono una nyuzi mbili."

Akasoma yote. Hakuacha hata neno. Wageni wakapiga makofi, mmoja akaandika kwenye kijitabu chake.

Yahaya alimtafuta Laure kwa macho, apate kumwona anavyomtazama msomaji. Laure hakuwa anamtazama msomaji. Alikuwa anamtazama yeye.

Laure alimkuta Yahaya bombani, anasuuza kikombe.

"Ile habari ya nyuzi," akasema Laure. "Anselme hajui hata kutia uzi kwenye sindano. Ni yako?"

Yahaya aliendelea kusuuza.

"Yahaya. Aliiba, ama ulimpa?"

"Nilimtuma."

"Kwa nani?"

"Kwako."

"Hajaniambia kitu. Siku hizi zote mi najiuliza nilikukosea nini. Unahama meza, unaangalia chini kama nina ukoma. Yeye akaja kunichekesha, nikacheka. Ulitaka nilie?"

Ilikuwa kama mlango uko wazi, na mwenye nyumba amesimama hapo anasema karibu. Neno moja lingetosha. Lakini wivu wa siku zile zote ulikuwa umeota mdomo wake wenyewe.

"Na chungwa? Hilo pia alikuomba?"

"Apana," akasema Laure. "Hilo nilimpa." Kisha, kwa upole uliomwuma Yahaya kuliko tusi: "Sasa niko hapa. Niambie we mwenyewe ulichotaka kusema."

"Muulize mshenga. Alisoma vizuri."

Gari la shirika lilikuwa linapiga honi. Kila mtu alitakiwa awe kwake kabla ya saa za kutotoka nje. Laure akachukua begi lake. Yahaya alimwona akipanda, na Anselme akipanda nyuma yake.

Baada ya siku tatu alimwambia shangazi yake kila kitu. Adija alisikiliza bila kuacha kuchambua mchele.

"Huyo mshenga ana miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

"Ana mke?"

"Hana."

"Meno?"

"Anayo yote, shangazi."

"Umemkabidhi fisi bucha, kisha ukakaa pembeni kwa adabu." Hakucheka. "Mshenga ni mutu mzima, mwanangu, mtu aliyemaliza haja zake. Desturi umeishika mkia, kichwa umekiacha." Akaweka ungo chini. "Haidhuru. Nitakwenda mimi. Kwao ni wapi?"

Yahaya hakujua. Miaka ile hakuna aliyemuuliza mwenzake anakaa mtaa gani. Vita vilikuwa vimeigawa mitaa, na kuuliza mtaa kulikuwa kuuliza kabila, na kule Kiriri hakuna aliyethubutu. Mama Spéciose alikwisha kurudi kwao mkoani, na barabara haikupitika. Shirika lilifunga mlango. Mtu mmoja tu mjini aliyajua makazi ya Laure, kwa kuwa gari liliwachukua wao wawili tu, na mtu huyo alipatikana chuoni kila siku ya Mungu.

"Nenda kamuulize," akasema Adija.

Safari yenyewe ilikuwa fupi. Lakini Yahaya alikuwa amekwisha kuifanya kichwani mwake. Alimwona Anselme akifikiri kidogo, akitabasamu, akimwelekeza kona kwa kona njia aliyoizoea: ukifika kwa muuza mkaa pinda kushoto, geti la bluu, mbwa wao haumi.

Shangazi alipiga pasi kanga yake nzuri, akaitundika mlangoni. Ilikaa hapo wiki nzima, ikimngoja Yahaya aende chuoni. Wazee wa namna yake wameisha; wa leo wangekwenda wenyewe chuoni, wangepiga kelele, wangepata jibu. Adija hakumsukuma. Siku ya nane aliikunja kanga, akairudisha sandukuni, akamwita Yahaya aje ale.