Zamu ya Kuchaji Betri

Jumatatu kifurushi cha king'amuzi kiliisha, runinga ikabaki na maandishi ya kunikumbusha nilipe. Sikulipa. Nilifanya makusudi, rafiki yangu. Nilitaka wanangu watoke vyumbani waje kuuliza kulikoni, tukae sebuleni pamoja japo jioni moja.

Si unajua nilikolelewa? Pasiansi, zile nyumba za chini karibu na ziwa, wakati mtaa mzima una runinga moja. Ilikuwa ya jirani yetu fundi cherehani, nyeusi na nyeupe, na ilitumia betri ya gari kwa kuwa umeme ulikuwa haujatufikia. Hakutoza kiingilio. Sharti lake lilikuwa moja tu: kila familia ichaji betri kwa zamu. Zamu yetu ilipofika, mjomba aliifunga kwenye baiskeli kwa mpira akaipeleka Mkuyuni kulikokuwa na umeme, nasi watoto tukasugua masufuria kwa mchanga wa ziwani mbio mbio. Nani alitaka kukuta mkeka umejaa?

Bibi alikuja na ungo wa michembe ya moto, vile viazi vitamu vilivyokaushwa kisha kuchemshwa, na nguo zake zikinukia sato wa kukaanga. Kila mtu alikula. Tulibanana tukipigana viwiko.

Betri ilipochoka, picha ilisinyaa kutoka pembeni, kisha giza. Na filamu haijaisha! Utamu ulianzia hapo. Hakuna aliyeondoka. Fundi aliwasha kandili akauliza, "Haya, huyu bwana harusi anarudi au harudi?"

Bibi akadakia, "Arudi wapi? Mwanaume mwongo yule, hamkumwona macho?"

Basi tukaimalizia wenyewe, tukibishana na kucheka mpaka mbavu zinauma. Hadi leo sijui filamu nyingi za utotoni ziliishaje kweli. Najua alivyozimaliza bibi. Sasa hayupo, fundi naye alihama, na uani kwake pamejengwa ukuta mrefu wenye geti. Nikipita pale hupunguza mwendo.

Nyumbani kwangu nilisubiri hadi Alhamisi. Hakuna aliyeuliza. Kijana wangu ana filamu zake kwenye simu, analipia kila mwezi. Dada yake ana za kwake, na muziki anaulipia mbali. Nilisikia vicheko vyao nyuma ya milango, kila mmoja akicheka kwa wakati wake. Nilijisikia mpweke kuliko siku niliyomzika bibi.

Mwishowe binti alitoka kuchota maji ya kunywa, akanikuta nimekaa mbele ya kioo cheusi cha runinga niliyoizima.

"Jamani mama, si ungesema? Lete simu nikuunganishe kwenye akaunti yangu. Utaangalia hata kitandani."

Aliniunganisha papo hapo, kwa upendo kabisa, akanipa na hedifoni zake za zamani. Nikamshukuru. Kisha nikazima taa ya sebuleni, maana hapakuwa na mtu wa kumwachia, nikaingia chumbani kwangu nikafunga mlango.