Siku Nilipojifanya Mwenye Magari

Chekeni tu, jamani, mimi haya zimeshaniisha. Ila mpaka leo nikipita ule ufuko wa Mwanza nageuza uso kama mwizi wa kuku.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, magari ya mitumba yakaingia mjini kama kumbikumbi baada ya mvua, na rafiki yangu Seif akaja na manne kutoka Dar, akayapanga kwenye mteremko juu ya ziwa. Jumamosi nilitakiwa kwenda Sengerema kujitambulisha ukweni, kwa kina Neema wangu, na Seif alikuwa ameniahidi lile jeupe nivuke nalo kwenye kivuko cha Kigongo. Basi nikakaa ndani yake asubuhi nzima, vioo vimeshushwa, viti vikinukia mvua ya nchi nisiyoijua, ziwa linameta mbele yangu kama siku ambayo bado haijaguswa (kuota ndiyo ilikuwa kazi yangu, riwaya niliyoianza ilikuwa haiandikiki).

Akatokea afisa biashara wa manispaa. Sheria ilisema mfanyabiashara wa nje ya mji asiuze magari mjini, hata kwa siku chache, bila kibali na kiwanja alichopangiwa; mwenyeji akiuza lake, ruksa. Seif ni mtu wa Dar, na kibali hana.

"Sema ni ya kwako," akaninong'oneza dirishani. "Yakikamatwa, Jumamosi yako nayo imekwenda."

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Nani mwenye magari haya?"

"Mimi." (Neno moja tu, ndugu zangu!)

"Yote?"

"Yote, mzee. Nakaa hapo Mirongo."

"Hongera, kijana. Ila umeziba njia ya wachota maji. Hebu lisogeze hilo ulilokalia."

Sikuwahi kuendesha hata toroli. Nikashusha breki ya mkono kama nilivyoona wenzangu wakifanya, na gari likaondoka kimya, polepole, bila hata kuwashwa, yangeyange wakaruka, wanawake wakakumbatia nguo walizokuwa wakifua, na mimi (Mungu anisamehe) nikadhani naendesha, nikawapungia mkono.

"Piga breki, we tajiri!" mmoja wao akapiga kelele.

"Ipi, mama?"

Ziwa likaingia kwa utulivu, likanifika magotini, likalowesha suruali yangu ya Jumamosi. Afisa akakunja yake, akaja kunifungulia mlango.

"Jina lako nani?"

Nikamtajia. Akanitazama sana.

"Ndiye wewe wa Neema? Mimi baba yake mdogo. Jumamosi nitakuwepo."

Wavuvi wakalivuta jeupe kwa kamba, uongo wetu ukajulikana, Seif akafukuzwa akatafute kibali, nami Jumamosi nikavuka kwa kivuko nikiwa nimesimama, nikitazama maji na kuona Neema akienda nayo.

"Tumesikia una magari manne," baba yake akaanza. Baba mdogo akakohoa.

"Shikamoo, baba. Sina hata baiskeli."

Halafu jikoni nikasikia Neema akishindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikatembea nyumba nzima mpaka kikamfikia mzee.

"Bora," akasema baba mdogo akijifuta machozi. "Huyu kwa miguu anajua kusimama."

Neema nilimpata. Ukweni naitwa Tajiri hadi leo. Na cha mtu sikiiti tena changu: hata mwavuli wa kuazima, kabla sijaufungua, natangaza ni wa nani.