Mtukufu Revata na Jina Lililopotea Mwambani

Alizaliwa mwaka 1889 katika kijiji cha Galkotuwa, kwenye nyanda kavu za kisiwa cha Lanka, mtoto wa wakulima wa mpunga. Alinyolewa kichwa angali kijana, akapewa jina la mtawa wa Kibuddha, Revata, na alipokomaa katika utawa akaomba kuishi peke yake katika pango la kale juu ya kijiji, ambalo watawa walikuwa wamelihama karne nyingi zilizopita. Humo alivumilia njaa, homa na nyuki wa mwambani. Wagonjwa walipanda kwake, wakashuka wamepona.

Juu ya mlango wa pango palikuwa na maandishi ya kale ambayo kijijini hakuna aliyeweza kuyasoma. Mwaka 1934, sikukuu ya Poson, ya kukumbuka Ubuddha ulivyofika Lanka, ilipokaribia, waumini walitaka kujipatia thawabu kwa kulipaka pango chokaa na kuchora picha ya Buddha. Chokaa haishiki kwenye mwamba laini, basi Revata mwenyewe alishika tindo akauparua mwamba wa juu ya mlango, akianzia kushoto. Alifanya hivyo kwa mapenzi matupu.

Mvua zilipokwisha, akafika Bwana Ellawala, msomi wa maandishi ya kale. Alibandika karatasi mbichi juu ya mwamba, akaigongagonga kwa brashi mpaka herufi zilizosalia zikajitokeza, akasoma: "...binti wa mkuu wa kijiji, pango lake, kwa watawa wa pande zote nne, waliopo na wasiokuwapo." Jina la binti, lililotangulia, lilikuwa limeliwa na tindo. Revata akaketi chini. Watu wa huko huwagawia wafu thawabu kwa kuwataja majina. Aliyempa nyumba hangetajwa tena.

Dingiri Amma, bibi aliyemletea wali kila asubuhi, hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mtukufu, umeipamba nyumba ukamfuta mwenyewe. Hata marehemu mume wangu, na ulevi wake, hakufika huko."

"Mama, kesho uniambie tena," akajibu, "nisije nikasahau."

Akamwambia kila asubuhi mpaka alipokufa. Baada ya hapo Revata alijiambia mwenyewe.

Alifariki mwaka 1961. Wazee husimulia kwamba nyuki wa mwambani walinyamaza mpaka moto uliouchoma mwili wake ulipozimika. Waumini walipotaka kuchonga jina lake juu ya jiwe la majivu yake, wakakumbuka agizo lake: "Langu lichongwe siku jina la yule binti litakaporudi." Jiwe lingali tupu. Nasi tujifunze kwake kuuliza ni nani aliyetutangulia kabla hatujashika tindo. Jioni, watu wa Galkotuwa wakigawa thawabu, humkumbuka pia yule binti. Wakifika mahali pa jina, hunyamaza kidogo, kisha huendelea.